Lamb na mutton: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa kifupi, tofauti ni nini?

Ni umri wa mnyama. Zote mbili ni nyama ya kondoo. Lamb ni nyama ya kondoo mchanga, kwa kawaida ambaye hajatimiza mwaka. Mutton ni nyama ya kondoo aliyekomaa, na Waingereza wengi hulitumia neno hilo kwa aliyepita miaka miwili. Wa katikati, kati ya mwaka mmoja na miwili, ana jina lake: hogget. Neno hili utalikuta Uingereza, New Zealand na Australia, ila dukani ni adimu, kwa sababu wauzaji hawapendi kumweleza mteja jina asilolijua.

Hayo ni matumizi ya nchi hizo. Ukiingia mgahawa wa Kihindi au wa Kipakistani mambo yanageuka kabisa. Soma swali la tano.

Kamusi inasema lamb ni "mwana-kondoo" na mutton ni "nyama ya kondoo". Imekosea?

Haijakosea, ila imekueleza nusu tu. Lamb ni mnyama na ni nyama yake pia. Kiingereza huzitenganisha kwa sarufi: "a lamb" ni mwana-kondoo anayerukaruka zizini, "some lamb" ni nyama iliyo kwenye sahani. Mutton ni nyama peke yake. Hakuna anayefuga mutton. Anayefugwa ni sheep, ambaye akiwa jike huitwa ewe, akiwa dume huitwa ram, na akihasiwa huitwa wether.

Mgawanyo huu ulianza baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Wenye nchi wapya walisema Kifaransa, na jina lao la kondoo, mouton, likabaki mezani, huku wachungaji wakiendelea na maneno yao ya zamani. Ndiyo maana ng'ombe naye ana jina jingine akishapikwa, na nguruwe vilevile. Mwana-kondoo alinusurika: jina lake la zizini ndilo hilohilo la mezani.

Umri wa kondoo hujulikanaje kama hakuna aliyeandika siku ya kuzaliwa?

Kwa meno. Kondoo hana meno ya mbele kwenye taya la juu; pale ana ufizi mgumu tu. Taya la chini lina meno manane ya mbele. Anapozaliwa na katika miezi ya mwanzo huota manane ya utotoni, madogo na membamba. Kisha hung'oka mawili mawili, kuanzia katikati kwenda pembeni, na nafasi zao kuchukuliwa na meno ya ukubwani, mapana kama koleo:

- jozi ya kwanza: karibu miezi 12 hadi 18
- jozi ya pili: karibu miezi 18 hadi 24
- jozi ya tatu: karibu miaka miwili na nusu hadi mitatu
- jozi ya nne: karibu miaka mitatu na nusu hadi minne

Kwa hiyo ukifunua mdomo wa chini ukaona meno madogo yote yanalingana, huyo ni lamb. Ukiona mawili makubwa katikati na madogo pembeni, amevuka mwaka. Akiwa na manne makubwa, anaelekea miaka miwili au ameipita, na nyama yake ni mutton bila ubishi. Akishajaza yote manane, meno hayakwambii tena miaka kwa uhakika. Unabaki kutazama kama yamesagika, yameachana au yamevunjika.

Usihesabu kwa haraka. Lishe duni na aina ya kondoo huweza kuchelewesha jozi ya kwanza kwa miezi kadhaa, na jino lililovunjika hufanana na la utotoni ukilitazama kwa mbali. Funua mdomo vizuri, mahali penye mwanga.

Australia sheria ya biashara imejengwa juu ya meno haya. Hadi Juni 2019, jino la kwanza la ukubwani likichomoza tu, kondoo hakuuzwa tena kama lamb, na mfugaji alipoteza pesa kwa sababu ya jino lililotoka juzi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2019 tafsiri ililegezwa: ni lamb akiwa chini ya miezi 12, au kama hana jino la ukubwani lililokwishafikia kimo cha kutafunia. Jino linalochungulia kwenye ufizi halimhamishi daraja.

Na Marekani?

Wakaguzi wa Marekani huangalia kiungo cha mguu wa mbele, juu kidogo ya kwato. Kwa mnyama mchanga, sehemu ya mfupa inayokua bado ni gegedu, na mguu ukivunjwa hapo hukatika kwa meno-meno mekundu yenye unyevu. Kwa aliyekomaa mfupa umeshashikana, hauvunjiki pale. Unabaki na kichwa cha kiungo, laini na cha mviringo. Wana madaraja matatu: lamb, yearling mutton na mutton.

Mmarekani wa kawaida hakutani na mutton dukani. Karibu kila nyama ya kondoo anayoiona imeandikwa lamb.

Kwa nini nimeagiza mutton biryani nikaletewa mbuzi?

Kwa sababu kwenye Kiingereza cha India, Pakistan na Bangladesh, mutton mara nyingi ni nyama ya mbuzi. Si udanganyifu wala si kosa la mpishi. Ndivyo neno linavyotumika huko. Katika sehemu kubwa ya Bara Hindi mbuzi ndiye aliyezoeleka mezani, na jina la Kiingereza likamwangukia yeye. Ziko sehemu ambako mutton hubeba wote wawili, mbuzi na kondoo.

Matumizi hayo yamesafiri na watu. Migahawa ya Kihindi ya Mombasa, Dar es Salaam, Muscat na Dubai hufuata Kiingereza cha wenyewe, na menyu ikisema mutton karahi, dau zuri ni kwamba ni mbuzi. Mgahawa huohuo ukiandika lamb chops, hapo ni kondoo kweli, mara nyingi wa kuagizwa kutoka nje.

Kwenye maduka makubwa ya Ghuba mambo huchanganyika zaidi, kwa kuwa kaunta moja inauza kondoo wa Australia, mbuzi wa Pakistan na kondoo wa Afrika Mashariki au Somalia, na kibao kinaweza kuandikwa na Mhindi, Mwarabu au Mfilipino. Usisome neno la Kiingereza peke yake. Soma nchi ilikotoka nyama, kisha uliza: "Mbuzi au kondoo?" Neno la Kiarabu laham halitakusaidia, maana ni nyama tu. Mbuzi ni maiz au ghanam kutegemea anayesema, na ghanam kwa Waarabu wengi humhusu kondoo pia, basi uliza tena.

Nyama imeshakatwa, meno hayapo. Nitajuaje?

Tazama vitu vitatu, kwa mpangilio huu.

Mifupa kwanza, kwa sababu haidanganyi. Mbavu za lamb ni nyembamba, za mviringo kiasi, na mfupa ukikatwa ndani unaonekana mwekundu, wenye vitundu na unyevu. Mbavu za mutton ni pana na bapa, mfupa mweupe na mkavu.

Kisha rangi ya nyama. Ya mchanga ni nyekundu hafifu inayoelekea waridi. Ya mkubwa ni nyekundu ya kuiva, kwa sababu misuli hujaa rangi kadiri mnyama anavyozeeka. Tahadhari: nyama iliyokaa wazi tangu asubuhi hugeuka hudhurungi hata kama ni ya mchanga. Mwambie muuza bucha akate pande jipya, utazame pale kisu kilipopita.

Mwisho mafuta. Ya lamb ni meupe na laini kiasi. Ya mutton ni mazito na magumu, mara nyingi yenye rangi ya krimu. Mnyama aliyelishwa majani mabichi kwa wingi anaweza kuwa na mafuta yenye umanjano kidogo angali mchanga, basi usihukumu kwa mafuta peke yake.

Bucha zetu zinauza lamb au mutton?

Bucha nyingi za Kenya na Tanzania zinauza kondoo, basi. Umri hauandikwi, na bei ya mdogo na mkubwa huwa ileile kwa kilo. Wanaouza kwa jina la lamb ni maduka makubwa na wanaohudumia hoteli za watalii.

Kondoo wa kwetu pia si wale waliomo kwenye vitabu vya mapishi vya Uingereza. Kondoo mwekundu wa Kimasai na yule wa Kisomali mwenye kichwa cheusi ni wa manyoya mafupi na huhifadhi mafuta mkiani au kwenye makalio. Dorper, aliyezalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kumchanganya huyo wa Kisomali na Dorset Horn, hukua upesi zaidi na ana nyama nyingi pajani. Kondoo wa kienyeji wa kilo 30 akiwa hai hukupa takriban kilo 13 hadi 15 za nyama pamoja na mifupa. Hizo ni hesabu za kupangia shughuli, kabla hujaahidi watu sahani.

Kwa nini mutton ina harufu kali?

Harufu imo kwenye mafuta. Kondoo na mbuzi hutengeneza asidi za mafuta zenye mnyororo wa matawi ambazo ng'ombe hana kwa kiasi hicho, na huongezeka kadiri mnyama anavyokua, hasa dume asiyehasiwa. Malisho nayo huchangia.

Ukijua imo kwenye mafuta, dawa unayo mkononi. Punguza mafuta ya nje kwa kisu kabla ya kupika, ukiacha utando mwembamba tu. Kuosha nyama kwa maji mengi hakuondoi kitu, kwani mafuta hayaoshwi na maji. Kuloweka ndimu kutwa nzima kunafanya uso wa nyama uwe kama chaki. Kwa kilo moja, ndimu moja, kijiko cha chai cha chumvi, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba na punje sita za kitunguu saumu kwa saa mbili zinatosha.

Na si kila mtu anaikimbia harufu hiyo. Mchuzi wa kondoo usionukia kondoo una faida gani?

Mapishi yanasema lamb, mimi nina kondoo mkubwa. Nifanyeje?

Badilisha moto na muda, viungo viache kama vilivyo. Mnyama akikua, nyuzi zinazoshika misuli pamoja hufungamana zaidi. Nyuzi hizo huyeyuka na kuwa ute laini, lakini polepole, kuanzia karibu nyuzijoto 70 za Selsiasi kwenda juu, zikiwa kwenye unyevu. Lamb haihitaji subira hiyo. Mutton haina njia nyingine.

Kwa vipande vya sentimita 3 hadi 4, vyenye mifupa:

- lamb: dakika 45 hadi 60 kwenye sufuria ya kawaida, dakika 12 hadi 15 kwenye sufuria ya presha
- hogget: karibu saa moja na nusu, presha dakika 20 hadi 25
- mutton: saa mbili hadi mbili na nusu, presha dakika 35 hadi 45

Paja zima la lamb la kilo 2 huokwa kwa nyuzijoto 180, dakika 20 kwa kila nusu kilo na 20 za nyongeza, yaani kama saa moja na dakika 40. Paja la mutton la uzito huo liweke kwenye chombo chenye kifuniko pamoja na vikombe viwili vya maji au supu, nyuzijoto 150 hadi 160, kwa saa nne. Funua dakika 20 za mwisho ili lishike rangi. Ukiliingiza kwenye moto wa lamb, nje litaungua, ndani litakuwa kiatu.

Chopsi za kuchoma juu ya mkaa ni za lamb. Chopsi za mutton ukiziweka jikoni kavu utatafuna mpaka kesho. Zichemshe kwanza hadi uma upenye, kisha zipitishe motoni kwa rangi na moshi. Mapishi ya muda mrefu ndiyo makazi ya mutton: pilau, biriani, supu ya muundi, au shuwa ya Oman, ambapo nyama iliyopakwa viungo hufungwa kwenye majani ya mgomba na kufukiwa kwenye shimo la makaa kwa siku moja au mbili.

Nimetumia presha dakika 40 na bado ni ngumu. Kosa liko wapi?

Mara nyingi ni mojawapo ya haya.

Nyama ilipikwa saa chache baada ya kuchinjwa, wakati misuli imekakamaa. Mnyama hukakamaa ndani ya saa chache na hulegea tena baada ya siku moja hivi. Ama pika mara tu anapochinjwa, kabla hajakakamaa, ama subiri hadi kesho yake. Katikati ndiyo saa mbaya kuliko zote, na ndiyo saa ya shughuli nyingi za kwetu.

Au nyama iliingizwa friza ingali na joto la mwili. Baridi kali ikiifikia misuli kabla haijamaliza kukakamaa, misuli hujikunja na haikunjuki tena. Itandaze kwanza kwenye friji, isipangwe kwa rundo, ikae siku moja au mbili, ndipo igandishwe.

Au presha ilifunguliwa ghafla. Maji yaliyomo ndani ya nyama huchemka kwa kishindo na kutoka, ikabaki kavu yenye nyuzi. Zima moto, acha dakika 10 hadi 15 presha ishuke yenyewe.

Papai bichi linasaidia, kwa kipimo. Kijiko kimoja cha chakula cha papai bichi lililokwaruzwa kwa kilo ya vipande, saa moja hadi mbili, basi. Ukiliacha usiku kucha, nje ya nyama inakuwa uji huku ndani ikiwa vilevile, kwa sababu utomvu wake haupenyi mbali.

Mafuta yanaganda mdomoni. Ni nyama mbovu?

Hapana. Mafuta ya kondoo yana asidi ya stearini nyingi na huyeyuka kwenye nyuzijoto 44 hadi 50 hivi, juu ya joto la mwili. Ndiyo maana hugandia kwenye kaakaa, hasa ukishushia na maji ya baridi. Pakua moto, kwenye sahani zilizopashwa joto. Supu ya mutton ipike siku moja kabla, iweke kwenye friji, asubuhi kwangua utando mweupe uliokaa juu.

Je, lamb inafaa kwa udhiya, mnyama wa kuchinja Idi Kubwa?

Umri wa kisheria haufuati maneno ya Kiingereza, lakini unafuata meno. Hadithi iliyopokewa na Muslim inataka mnyama aliye musinna, neno lililotokana na jino, na ikashindikana inamruhusu jadhaa wa kondoo, yaani aliye mdogo zaidi. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yameenea pwani ya Afrika Mashariki, kondoo awe ametimiza mwaka au ameangusha meno ya mbele kabla ya hapo. Mbuzi awe ametimiza miaka miwili. Mahanafi na Mahanbali humkubali kondoo wa miezi sita na mbuzi wa mwaka mmoja.

Kwa jikoni maana yake ni kwamba nyama ya udhiya ya Mshafi huwa hogget, na ya mbuzi ni ya mnyama mzima kabisa. Usiipangie muda wa lamb.

Na mwana-kondoo wa Pasaka?

Kitabu cha Kutoka 12:5 humtaka awe dume wa mwaka mmoja asiye na ila, na aya hiyohiyo inaruhusu atwaliwe katika kondoo au katika mbuzi. Biblia za Kiingereza huandika lamb hapo, ilhali huyo anaweza kuwa mwanambuzi.

Kwa nini lamb ni ghali kuliko mutton?

Kwa sababu wanunuzi wanataka nyama laini inayoiva upesi, na kila mwana-kondoo anayechinjwa ni mmoja asiyefikia uzito wake kamili. Haikuwa hivyo zamani. Meli ya Dunedin ilipoondoka New Zealand Februari 1882 na kufika London Mei na shehena ya kwanza yenye mafanikio ya nyama iliyogandishwa kutoka nchi hiyo, sehemu kubwa ya mizoga yake ilikuwa mutton. Kondoo alifugwa kwa ajili ya sufu miaka kadhaa, nyama ikawa faida ya mwisho. Nyuzi za viwandani zilipoishusha bei ya sufu katika karne ya 20, hakukuwa tena na sababu ya kumweka hadi azeeke. Mwaka 2004 Charles, wakati huo mwanamfalme wa Wales, alianzisha kampeni ya kuirudisha mutton mezani Uingereza, yenye masharti ya kondoo wa zaidi ya miaka miwili na nyama iliyotundikwa wiki mbili.

Nikitafsiri menyu, niandikeje?

Lamb: "kondoo mchanga". "Mwana-kondoo" ni sahihi, ila kwenye menyu linamkumbusha msomaji kanisa kabla ya chakula. Mutton kwenye menyu ya Kiingereza cha Uingereza au Australia: "kondoo" inatosha. Mutton kwenye menyu ya Kihindi: uliza jikoni kwanza, na jibu likiwa mbuzi andika "mbuzi" bila kuona haya. Kwa mgeni asiyekula kondoo kwa sababu ya tumbo au mzio, kosa hapo si la lugha tu.

Usemi "mutton dressed as lamb" hauhusu chakula. Ni kejeli kwa mwanamke wa makamo aliyevaa kisichana. Usiutafsiri kwa kondoo.

Na kwenye hati za forodha?

Huko neno mutton weka pembeni. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa unaweka nyama ya kondoo na mbuzi chini ya namba 0204. Mizoga ya lamb isiyogandishwa ni 0204.10, na iliyogandishwa ni 0204.30. Mizoga ya kondoo wengine isiyogandishwa ni 0204.21, na iliyogandishwa 0204.41. Nyama ya mbuzi, ya namna yoyote, ni 0204.50. Ukiandika mutton kwenye ankara ya mbuzi unaopeleka Ghuba kwa sababu mnunuzi Mhindi ndivyo anavyoita, kisha cheti cha daktari wa mifugo kikasema goat, shehena itasimama bandarini huku barafu ikihesabu saa. Andika mnyama, umri na hali ya nyama kwenye karatasi zote kwa maneno yaleyale.